Olorgesailie: Mahali Ambapo Jiwe Haliokotwi

Msomaji, ukiitajiwa Kajiado huenda ukakumbuka Kitengela, malori ya Namanga na ng'ombe wa Wamaasai. Jumapili moja washike watoto, mfuate barabara nyingine. Piteni Ongata Rongai na Kiserian, mpande hadi Corner Baridi, kisha mteremke Bonde la Ufa kuelekea Magadi. Kama kilomita 70 kutoka Nairobi mtafika Olorgesailie. Bebeni maji ya kutosha, kwani joto la huko halina mzaha.

Hapo zamani palikuwa na ziwa. Leo ni vumbi jeupe na miiba, na mashoka ya mawe yametapakaa kama mahindi yaliyoanikwa. Yalichongwa na watu wa kale, mengine yakiwa na umri wa karibu miaka milioni moja. Louis na Mary Leakey waliyagundua mwaka 1942, na mwaka 1947 makumbusho yakafunguliwa papo hapo. Mengi yameachwa yalipolala. Wageni huyatazama wakiwa juu ya daraja la mbao.

Kwa nini yasikusanywe? Jibu utalipata katika maisha ya Glynn Isaac. Mwanaakiolojia huyu alizaliwa Cape Town mwaka 1937, na alianza kuchimba Olorgesailie mapema katika miaka ya 1960 akiwa bado kijana. Sehemu moja ilikuwa na mashoka mengi pamoja na mifupa ya nyani wakubwa wa aina iliyokwisha kutoweka. Je, watu waliwawinda nyani hao? Au ni maji yaliyosomba mifupa na mawe yakavirundika pamoja?

Isaac hakutaka kubahatisha. Alitandaza mawe na mifupa yake mwenyewe nyikani, akaviacha, kisha akarudi kuona maji na wanyama wamevifanya nini. Aliamini kwamba jiwe peke yake ni bubu. Linalosema ni mahali lilipolala na majirani zake. Mwaka 1977 alichapisha kitabu kuhusu Olorgesailie. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, aliugua akiwa safarini China, akafariki Japani akiwa na umri wa miaka 47 tu.

Kazi haikufa naye. Mwaka huohuo wa 1985 Rick Potts, kutoka Marekani, alianza utafiti hapo pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2003 kikapatikana kipande cha fuvu la binadamu wa kale, chenye umri wa miaka 900,000 hivi.

Basi mwanao akiinama kutia kijiwe mfukoni, mshike mkono taratibu. Mweleze kwamba jiwe likihama, ushahidi wake umekwisha, na swali la nyani wale bado linagombaniwa na wataalamu. Huenda atakayelijibu ni yeye.