Kikapu cha Koko na video iliyokwama

Wamama wapendwa, wengi wenu mlikuwa kwangu Jumapili ile tulipokusanyika kuangalia video ya ndoa ya binti yangu. Mlikula viazi na maharagwe, mlikunywa chai ya maziwa, lakini video yenyewe hamkuiona. Mlirudi nyumbani kwa upole mkisema, "Si kitu, mama, tumesikia sauti." Leo nataka kuwaeleza yaliyotokea ninyi mlipokwisha kwenda, kwa maana nilibakiza kidogo nipoteze pesa ya likelemba, na kitu kikubwa kuliko pesa.

Binti yangu alikimbia Kitshanga mwaka 2023, vita viliporudi. Alifika Goma, kisha akavuka kwenda Uganda, na leo anaishi Kampala, anashona nguo. Siku alipoondoka, mama mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Koko, alimpa kikapu chenye mfuniko, chenye mstari mweusi mmoja ubavuni. Alikisuka mwenyewe wakati macho yake yalikuwa bado mazima. Akamwambia, "Siku ya ndoa yako uingie nacho." Mtoto akakifunga ndani ya kitenge, akaenda nacho.

Ndoa ilifungwa mwezi wa nne. Kwetu hakuna aliyeweza kwenda: nauli, njia, makaratasi, mnajua wenyewe. Shemeji yake alirekodi kwa simu mpya, akatia video kwenye fulashi. Fulashi ikatoka Kampala hadi Goma mkononi mwa mama anayeuza vitenge, na kutoka Goma ikapanda lori, ikapita Sake na Kilolirwe, ikatufikia. Kwangu mimi haikuwa kitu kidogo. Picha za ndoa yangu ziliungua mwaka 2013, nyumba nyingi za Kitshanga zilipoteketea. Sina hata picha moja ya kuwaonyesha watoto kwamba na mimi niliwahi kuvaa veli. Ndiyo maana niliwaalika wote.

Mliyoyaona mnayakumbuka. Kompyuta ni ile ile tunayotumia kuandika hesabu za chama. Sauti ilienda vizuri, lakini picha ilikwama, ikaruka, ikageuka vipande vipande, ikakwama tena. Kwaya iliimba na midomo imefungwa. Mwenye kuongoza sherehe akatangaza kwamba bibi arusi anaingia, na picha ikasimama mlangoni, haina mtu. Ilipoamka, binti yangu alikuwa amekwisha kuketi mezani, mikono mitupu.

Koko alikuwa ameketi karibu kabisa na kompyuta kwa sababu ya mtoto wa jicho. Akauliza, "Kikapu kiko wapi?" Hatukujibu. Akasema, "Alikitupa njiani," akasimama, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi nilimpigia binti yangu. Akaapa kwamba aliingia nacho, watu wote walikiona. Nikamwambia Koko. Akanijibu, "Ulitaka akwambie nini?" Tena akasema mtoto akipiga simu, yeye asipewe. Wamama, kila mwenye mama mkwe anaujua ukimya wa namna hiyo. Unaingia hadi ndani ya chungu.

Siku hiyo hiyo nilibeba kompyuta kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Aliangalia video dakika moja, akaifunga. "Mama, mashine hii imekufa. Ninayo nyingine, dola 150, na hii yako unaniachia. Au kama hutaki, tuongeze memori, dola 40, tujaribu."

Wiki hiyo ilikuwa zamu yangu ya likelemba. Tuko wamama kumi na tano, kila mmoja dola 10: ndizo dola 150 zenyewe. Lakini pesa ile ilikuwa na kazi yake: kumpeleka Koko Goma kwa ajili ya macho, na kitakachobaki ni minerval ya watoto. Usiku mzima niligeuka kitandani. Nikajiambia macho ya Koko yanaweza kungoja, moyo wake hauwezi. Kulipokucha nilikuwa nimekwisha kukata shauri la kununua.

Aliyenizuia ni binti wa mmoja wetu, anayesoma informatike, ambaye alikuwa amekuja kupumzika. Alipita kunisalimia, nikamweleza. Akaniuliza neno moja ambalo mimi na yule kijana hatukuwa tumejiuliza: "Mama, video zingine zinacheza?"

Tukafungua ile ya kwaya ya Noeli. Ikaenda kama maji. "Basi mashine haijafa," akasema. "Kuna kitu kinachoishinda katika hii moja tu. Tukitafute, jambo moja moja. Tukibadili matatu kwa mara moja, hatutajua ni lipi lililosaidia."

Kwanza alinakili video kutoka kwenye fulashi, akaiweka ndani ya kompyuta yenyewe, kwa maana fulashi nzee inaweza kusoma polepole kuliko video inavyokwenda. Tukajaribu: ikakwama vile vile. Akasema, "Vizuri. Sasa tunajua kosa si la fulashi."

Pili akainua kompyuta. Nilikuwa nimeiweka juu ya kitambaa changu cha kufuma, kile kizuri cha wageni, nacho kilikuwa kimeziba matundu ya chini inayopumulia. Kompyuta ikipata joto kali, inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Tukaiweka juu ya ubao mtupu, tukapuliza vumbi. Tena akachomeka chaja, kwa sababu kompyuta nyingi zikitumia batri peke yake hupunguza nguvu ili kuitunza. Akafunga na programu zingine zote. Video ikapata nafuu kidogo, lakini haikupona.

Tatu akabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Dirisha likafunguka, linaloonyesha kila kiungo cha kompyuta kinafanya kazi kiasi gani. Akarudisha video icheze, tukatazama. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa imefika asilimia 100. Memori ilikuwa imetumika nusu tu. Diski karibu ilikuwa inalala. Nikazikumbuka zile dola 40 za memori. Ingekuwa kama kununua sufuria ya pili wakati kilichopungua ni moto.

Mwisho akaangalia video yenyewe ni ya namna gani, na hapo ndipo jibu lilipokuwa. Upana wake ni nukta 3840, urefu nukta 2160. Ndiyo watu wanaiita 4K. Ukizidisha unapata nukta zaidi ya milioni 8 katika kila picha. Video ya kawaida nzuri, ya 1920 kwa 1080, ina nukta milioni 2 hivi; kwa hiyo hii ni mara nne. Tena simu ilirekodi picha 60 kwa kila sekunde, badala ya 30. Mara nne, kisha mara mbili: ni kazi mara nane.

Juu ya hayo, ilikuwa imefungwa kwa mtindo unaoitwa HEVC. Alinieleza hivi: video ni kama nguo za mitumba ndani ya balo. Zinakazwa ili zichukue nafasi ndogo, na balo likikazwa sana, kulifungua kunataka nguvu nyingi. Mtindo wa zamani, H.264, ulitoka mwaka 2003, na karibu kila kompyuta ina sehemu maalumu ya kuufungua bila kuchosha prosesa. HEVC ulikamilika mwaka 2013. Katika kompyuta zenye prosesa ya Intel, sehemu ya kuufungua vizuri ilianza kuwekwa mwaka 2015. Yetu ni ya 2014. Alijaribu kwenye programu ya VLC, akawasha ile nafasi ya kuruhusu sehemu maalumu isaidie, akaizima, hakuna kilichobadilika. Huwezi kuwasha kitu kisichokuwamo. Prosesa ilibaki kufungua balo peke yake, kwa mikono.

Nikamuuliza, "Kwa nini sauti inaenda vizuri?" Akasema sauti ni mzigo mdogo. Kompyuta ikichelewa na picha, haisimamishi sauti kuzingoja. Inaziacha zile zilizochelewa, inakimbilia za mbele. Hapo nikashtuka. Kumbe pale mlangoni, kati ya nafasi tupu na meza, kulikuwa na picha ambazo mashine iliziruka. Nikamuuliza, "Zimepotea?" Akasema, "Hapana, mama. Zimo zote. Hazikutufikia tu."

Dawa haikuwa kununua. Alikuwa na programu ya HandBrake kwenye fulashi yake, nayo ni ya bure. Kazi yake ni kuchukua video na kuifunga upya kwa mtindo mwingine. Akachagua 1920 kwa 1080, picha 30 kwa sekunde, H.264. Kazi hii haihitaji kompyuta yenye haraka, inahitaji uvumilivu na umeme. Kwa hiyo tulingoja Jumatano asubuhi, jua likiwa limepanda na pano ya juu ya nyumba inajaza batri. Video ilikuwa dakika 22 katika vipande vitatu, kwa sababu fulashi nyingi zinakataa faili moja inayozidi giga 4. Tulianza saa tatu, tukamaliza karibu saa sita. Mvua ilinyesha saa nane; Mungu alitusaidia. Kutoka karibu giga 9, video ilibaki chini ya giga 2. Ile ya kwanza hatukuifuta.

Nilimwita Koko. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia aje anisaidie tu kujua yule mzee aliyeketi kando ya bwana arusi ni nani. Akaja, akaketi, uso umegeukia ukuta.

Mlango ulionekana. Kwaya iliimba, na safari hii midomo ilikuwa wazi. Binti yangu akaingia polepole, na mikononi mwake, mbele ya kifua, kikapu.

Koko akasema, "Simamisha."

Tukasimamisha. Akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Mstari mweusi ameuweka mbele. Ndivyo nilivyomwambia akishike." Akarudi nyuma, akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge kana kwamba yeye ndiye aliyekichafua. Halafu akasema, "Nipe simu."

Sitawaeleza walichoongea. Ila siku hiyo Koko alikula, akaomba tena.

Wamama, yule kijana wa simu simlaumu sana. Aliona kitu kilichokwama, akasema kimekufa. Koko naye aliona mikono mitupu, akasema mtoto amemsahau. Na mimi, niliyekuwa tayari kutoa dola 150 bila kuuliza neno, nitamcheka nani?

Nawaachia machache, mkate mbandike karibu na kompyuta au mwape watoto:

Video ikikwama, jaribu nyingine kwanza. Ikicheza, mashine ni nzima.

Itoe kwenye fulashi, uiweke ndani ya kompyuta. Chomeka chaja. Usiiweke juu ya kitanda wala kitambaa.

Kabla ya kununua memori au kitu kingine chochote, angalia ni kiungo gani kimefika asilimia 100. Anayekuuzia bila kukuonyesha hilo, mwambie utarudi kesho.

Video ikiwa ya 4K na kompyuta ni ya zamani, ifungeni upya iwe ndogo, na ile ya kwanza muitunze.

Mkiwa na mtu wa kurekodi ndoa, ubatizo au mazishi, mwambieni mapema aweke simu kwenye 1080 na picha 30. Kwa simu ya iPhone, dakika moja ya 4K yenye picha 60 inakula megabaiti 400 hivi, na dakika moja ya 1080 yenye picha 30 inakula 60 hivi. Kwa kioo kidogo cha nyumbani, macho yetu hayataona tofauti kubwa. Njia na fulashi zitaona.

Pesa ya likelemba bado iko yote. Koko ataenda Goma nayo, kama tulivyopanga tangu mwanzo. Ile video kubwa tumeinakili mahali pawili, kwangu na kwa mama mtunza pesa, ili moto ukija usiipate yote. Koko amesema akirudi na macho mapya anataka kuiona hiyo kubwa yenyewe, si ndogo. Nimemwambia tutatafuta mashine.

Na ninyi mliokula viazi bila kuona bibi arusi, njooni Jumapili baada ya ibada. Viazi vipo. Safari hii, video pia ipo.