Nyumba Ndogo ya Tsujikawa

Katika mji mdogo wa Fukusaki, mkoani Hyogo, magharibi ya Japani, ipo nyumba ya mbao ambayo mgeni huizunguka kwa hatua chache akaimaliza. Ina vyumba vinne vilivyobanana, na sakafu zake zimetandikwa mikeka minene. Humo ndimo alimozaliwa Yanagita Kunio, tarehe 31 Julai, 1875, wakati mahali hapo palipokuwa kijiji cha Tsujikawa. Alipokuwa mwandishi mashuhuri aliitaja kuwa nyumba ndogo kuliko zote za Japani, wala hakuwa akifanya mzaha.

Baba yake alikuwa msomi asiye na mali. Kaka yake mkubwa alisomea ualimu, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwisha kuwa mkuu wa shule ya msingi. Akaoa, akamleta mkewe katika vyumba hivyo vinne. Wanandoa wawili chini ya paa moja, na mama mkwe aliye mkali! Baada ya mwaka mmoja hivi bibi arusi alirudi kwao, na mwalimu akaangukia pombe. Yanagita hakumlaumu mama wala shemeji. Aliulaumu udogo wa nyumba, akaeleza kwamba nia yake ya kuchunguza maisha ya watu wa mashamba ilichipuka hapo.

Mwaka 1885 njaa iliingia. Katika mji wa Hojo, ambako jamaa hao walikuwa wamehamia, mtoto huyo aliwaona maskini wakipanga foleni kwa uji wa kugawiwa. Miaka miwili baadaye alipelekwa Fukawa, mashariki ya nchi, kando ya mto Tone, kwa kaka yuleyule, ambaye sasa alikuwa daktari. Huko alishangaa kuona kwamba karibu kila nyumba ina watoto wawili tu. Jibu alilipata katika hekalu la Tokumanji, kwenye picha iliyochorwa juu ya ubao: mama aliyetoka kujifungua anamziba pumzi mtoto wake mchanga, na kivuli chake kina pembe. Picha hiyo haikumtoka moyoni hata uzeeni.

Basi si ajabu kwamba mwaka 1900, alipohitimu sheria katika chuo kikuu cha Tokyo, aliingia Wizara ya Kilimo na Biashara, akashughulikia vyama vya ushirika. Mwaka 1920 alijiunga na gazeti la Asahi, akasafiri hadi Okinawa akiandika habari za vijiji. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini mkulima ni maskini? Aliona kwamba elimu isiyolijibu swali hilo ina upungufu, na baada ya vita vya pili alishiriki kutayarisha vitabu vya shule.

Kati ya 1921 na 1923 alikuwa mjumbe katika tume ya Shirikisho la Mataifa, mjini Geneva, iliyosimamia nchi za udhamini, zikiwamo Tanganyika na Ruanda-Urundi. Huko pia aliandika juu ya ustawi wa wenyeji.

Alifariki mwaka 1962. Nyumba yenyewe haiko tena pale ilipojengwa. Ilihamishwa, na sasa imesimama karibu na hekalu la Suzunomori, ambako Kunio alikuwa akicheza alipokuwa mtoto, pengine kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi.