Asiyekuwapo na Lake Halipo

Ndugu msomaji, usinicheke nikikuambia kwamba mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikaa miezi kumi nikijenga mto na meli ya vita juu ya meza. Majirani zangu hapa Kibaha wamekwisha kunicheka vya kutosha. Mmoja aliniuliza kama kitu hicho kinauzwa. Nilipomjibu kuwa hakiuzwi, alimgeukia mke wangu akamtazama kwa huruma, kana kwamba amefiwa. Nakuandikia habari hii kwa sababu kazi ile, niliyoianza kama mchezo wa mstaafu, ilinirudisha kwetu Kisarawe na kunionyesha deni ambalo sikujua kuwa ukoo wetu unadai.

Mimi ni fundi seremala. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilitengeneza milango, madawati na vitanda vya watu wengine, na siku nilipostaafu nilijiapiza kwamba sasa nitatengeneza kitu kimoja cha kuiridhisha nafsi yangu. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndiye aliyeniletea picha. Ilikuwa picha ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, yenye mabomba matatu ya moshi. Akaniambia, "Babu, meli hii ilijificha Rufiji, mkoani kwetu humu humu. Unaweza kuitengeneza?" Fundi akiulizwa kama anaweza, hujibu nini?

Kwa asiyeijua habari hiyo, nitaisimulia kwa ufupi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliishambulia meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini Unguja ikifanyiwa matengenezo, ikaizamisha. Lakini mara mtambo wake yenyewe nao ukaharibika, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Vyuma vilivyovunjika vilipelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waingereza wakaja kuulinda mlango wa mto. Mwezi Novemba 1914 walizamisha kwa makusudi meli ya makaa ya mawe, Newbridge, katika mojawapo ya njia za delta ili kuiziba. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa uchache wa maji, hivyo wakaleta mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikarudi na kufaulu. Nahodha wa Kijerumani, Max Looff, aliamuru meli yake ilipuliwe ili isitekwe.

Basi nikaanza. Kipimo nilichochagua kilikuwa moja kwa mia, yaani kila mita moja ya kweli iwe sentimita moja ya mezani. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115 na upana wa mita 13 na kitu; yangu ikawa na sentimita 115 kwa 13. Plaiwudi moja nzima, ya futi 8 kwa 4, ilitosha kuibeba pamoja na mto na kingo zake zote mbili. Kwa kiwiliwili cha meli nilibandika vipande vya mti wa msufi kimoja juu ya kingine, kisha nikachonga kwa randa na patasi. Mabomba ya moshi niliyapata katika masalio ya bomba la maji la inchi moja. Milingoti ni vijiti vya mishikaki. Mizinga kumi ya meli ile nilihangaika nayo wiki nzima, mpaka siku moja nilipokuwa nikitengeneza baiskeli nikaona kwamba spoki iliyokatwa kwa urefu wa sentimita nne ndiyo hasa mzinga nilioutafuta.

Mto ndio ulionifedhehesha. Niliupaka rangi ya buluu safi nikajisifu. Akaja jirani yetu mmoja, mzaliwa wa delta, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Huu si Rufiji," akasema, "hii ni bahari ya Feri. Rufiji ni chai ya maziwa." Nikaukwangua wote. Nikapaka rangi ya tope, nikamwaga vanishi juu yake ili ing'ae kama maji. Kwa pupa yangu nikaimwaga nzito, nayo ikajikunja kama utando wa maziwa. Nikaukwangua mara ya pili. Mara ya tatu nilipaka vanishi nyembamba nyembamba, tabaka moja kwa siku, siku kumi na mbili, na hapo ndipo mto ulipokubali kuwa mto. Mikoko niliitengeneza kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizokaushwa kwa gundi zikawa mizizi, na vumbi la mbao lililopakwa rangi ya kijani likawa majani. Iko miti 412; najua hivyo kwa sababu mjukuu wangu aliihesabu.

Nilitaka pia kuziweka Severn na Mersey, maana vita bila adui ni nini? Nikapiga hesabu. Siku ile ya kwanza zilipiga kutoka umbali wa kilomita 10 hivi. Katika kipimo changu, kilomita 10 ni mita 100. Nikatoka na kamba, nikapima kutoka mezani pangu kupita uani, kupita kwa jirani, hadi nikafika kwenye genge la nyanya. Meli zile zingepaswa kukaa pale, kati ya mafungu ya vitunguu. Ndipo nilipoielewa vita ile kuliko nilivyoielewa kwa kuisoma. Watu wale hawakuonana. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizokuwa macho ya Waingereza, zikiwaelekeza waliopiga mahali risasi zilipoangukia. Nikaziacha Severn na Mersey zisionekane, kama ambavyo wenyewe hawakuonekana.

Mwezi wa saba meli yangu ilisimama wima mtoni, mizinga imeelekezwa baharini, na moshi wa sufi ukitoka katika midomo yake. Ilibaki kuwatengeneza mabaharia. Kwa kazi hiyo nilitaka udongo mweupe wa Pugu, ule unaofinyangika kama unga wa ngano, na pia nilikuwa sijamwamkia baba yangu mdogo kwa muda mrefu. Nikapanda basi mpaka mjini, na jingine kupitia Gongo la Mboto na Pugu, nikafika Kisarawe saa sita mchana.

Nilimkuta amekaa chini ya mkorosho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo Kibaha?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Nilimwonyesha picha ya kazi yangu katika simu. Aliishika mbali na macho, kama wazee wafanyavyo, akaitazama kwa kitambo kirefu.

"Umeunda vizuri," akasema. "Na mikoko ni mikoko kweli. Sasa watu wako wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Nataka udongo niwafinyange mabaharia."

"Sikusema mabaharia. Nimesema watu."

Nikanyamaza. Akanirudishia simu, akanieleza jambo ambalo baba yangu mzazi hakunieleza, au pengine alinieleza nikiwa mtoto nisisikilize. Babu yetu alikuwa na kaka. Wakati wa vita ya Mjerumani watu walikuja kijijini wakachukua vijana wenye nguvu, kaka yake babu akiwa mmoja wao. Walisema wanakwenda kuvuta chuma cha meli, na kwamba watarudi kabla ya kuvuna mpunga. Mama yake aliutenga mpunga wake msimu ule, na msimu uliofuata akautenga tena. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna aliyekuja kusema alikufa wapi. Babu yetu alipopata mtoto wa kiume alikataa kumpa jina la kaka yake, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kukiri kwamba amekufa.

"Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo," baba mdogo akamaliza. "Lakini yeye alikuwapo. Ninyi ndio mnaomwondoa."

Ndugu msomaji, nilirudi Kibaha na gunia la udongo begani na uzito mwingine moyoni. Usiku ule nilikaa mbele ya meza yangu na taa. Niliyasoma tena yaliyotokea baada ya tarehe 11 Julai, ambayo mwanzoni niliyapitia haraka kwa kuwa hayakuwa na mizinga inayolia. Meli ilizama, lakini maji yalikuwa machache, na mizinga yake kumi ilitolewa yote. Kila mmoja ulikuwa na uzito unaozidi tani moja. Ilipelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magari ya kuibebea, na katika vita vya nchi kavu vya jeshi la von Lettow-Vorbeck ikaburutwa huku na huko. Mmoja uko hata leo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Chuma kimehifadhiwa na kupakwa rangi. Je, mikono iliyokivuta imehifadhiwa wapi?

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba nitaivunja kazi. Yeye ndiye aliyenung'unika miezi saba kwa sababu ya fedha ya vanishi, nami nilidhani atafurahi. Badala yake alikasirika. "Umetunyima meza ya kulia miezi saba, halafu unavunja?" Nikamsimulia habari ya mpunga uliotengwa misimu miwili. Alikaa kimya, kisha akafunga kanga yake vizuri akauliza, "Huo udongo unakandwa na maji au na gundi?"

Niliukata mkuku wa meli kwa msumeno, nikailaza upande juu ya tope. Niliung'oa moshi wa sufi. Niling'oa mizinga miwili sitahani nikaiweka ukingoni, na nyuma yake nikachora njia nyembamba inayopita kati ya mikoko na kupanda nchi kavu. Halafu tukaanza kuwafinyanga watu. Katika kipimo cha moja kwa mia, mtu mzima hazidi sentimita moja na nusu au na robo tatu. Kila mmoja ana mifupa ya waya mwembamba na mwili wa udongo wa Pugu uliokandwa kwa gundi nyeupe. Kila jioni baada ya chakula tulikaa wote mkekani. Mke wangu, aliyekanda unga wa visheti maisha yake yote, alitushinda sisi sote. Mjukuu wangu alimtengeneza mwanamke mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Babu, chakula chao nani alipika?" Alikuwa na haki, wanawake nao walifuata safari zile, wakapika, wakabeba. Tulifikisha watu 230, na kamba zao tulizisokota kwa nyuzi za katani.

Pengine wewe unayesoma hapa ulikwenda Kariakoo juzi kununua kitambaa au vyombo. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi mahali pale. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu inayotajwa na wanahistoria ni wapagazi wapatao 95,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Na Wajerumani nao walichukua watu wetu kwa maelfu. Nenda kidogo mbele, katikati ya jiji, utamwona Askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe. Ni sanamu nzuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini kwa kila aliyeshika bunduki walikuwapo kadha wa kadha waliobeba risasi zake, mahema yake na unga wake.

Kazi ilipokamilika tulimleta baba mdogo Kibaha kwa gari. Alitembea kuizunguka meza mara mbili, amekamata fimbo, bila kusema neno. Meli hakuitazama sana. Nilikuwa nimemwachia mtu mmoja, wa mwisho, hajabandikwa, nikampa amweke anapotaka. Nilidhani atamweka nyuma ya kamba, palipokuwa na nafasi. Akakataa.

"Mwisho wa kamba ndiko walikochapwa," akasema. "Mweke hapa katikati, penye wenzake."

Nikatia gundi, akamsimamisha mwenyewe kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akamshikilia mpaka gundi ikashika. Kisha akalitaja jina la kaka yake babu, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa nyumbani kwetu. Mjukuu wangu akalirudia ili asilisahau.

Ndugu msomaji, sikushauri ujenge meli. Nyumba yako labda haina nafasi, na vanishi ni ghali. Nakushauri uende kwa mzee wako angali hai, umuulize nani wa ukoo wenu aliondoka na hakurudi, na alikwenda kubeba nini. Ukilipata jina, mpe mtoto alibebe. Meza yetu ya kulia haijarudi bado. Tunakula mkekani, na mke wangu hajalalamika tena.