Simu inayosikiliza ndege

Siku hizi simu inaweza kututajia jina la ndege aliyejificha majanini. Programu yenyewe inaitwa Merlin. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Cornell, kule Marekani, na tangu mwaka 2021 inatambua milio. Simu inageuza mlio kuwa mchoro, kisha inaulinganisha na michoro ya milio mingi iliyokusanywa na watu. Kumbe mashine haisikii, inatazama! Nasi wazee, ambao sauti nyembamba zimekwisha kutupotea, tunafurahi kuona jina la ndege tusiyemsikia tena.

Bado haijui ndege wote wa misitu yetu. Tena yaweza kudanganywa, maana kuna kasuku. Mwaka 1993 wataalamu waliandika kwamba kasuku wa porini huku kwetu, nchi ilipoitwa Zaire, waliiga milio ya ndege wengine, na hata ya popo. Basi simu ikiandika jina, tunawaita wajukuu wenye macho mazuri watuambie nani hasa amekaa mtini. Nasi tunawafundisha jina lake la kwetu, kwa sababu simu yetu inaandika Kifaransa tu.