Raba nyepesi za kisigino kifupi: wiki 12 kwenye barabara za Dar

Haya, jamaa zangu wa mbio. Wapo wanne, kama si watano, waliokwisha niuliza swali moja mwezi huu: hizo raba mpya vipi, zinafaa? Kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa sababu tulikuwa tunahema. Leo nimetulia, daftari langu la mazoezi liko mezani, nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza niseme hili. Sitaitaja kampuni iliyozitengeneza. Nimezinunua kwa pesa yangu mwenyewe, shilingi 260,000, na hakuna aliyenilipa nizisifie au niziponde. Tena ninachotaka kuzungumzia ni aina ya kiatu, si jina lililochorwa ubavuni. Aina yenyewe ni raba nyepesi za mazoezi ya kila siku, zenye kisigino ambacho hakijanyanyuliwa sana. Siku hizi ziko nyingi, na kampuni nyingi zinazo.

Wakimbiaji wana neno lao, dropu. Maana yake ni tofauti ya kimo kati ya soli ya kisigino na soli ya mbele, pale chini ya vidole. Kwenye raba nyingi tulizozoea za kukimbilia, kisigino kiko juu kuliko vidole kwa milimita 10 hivi, wakati mwingine 12. Hizi zangu zina milimita 4. Zipo za sifuri kabisa, mguu umelala sawasawa kama uko ndani ya kandambili. Ila msichanganye dropu na unene. Soli inaweza kuwa nene kama tofali na dropu yake ikawa sifuri, na inaweza kuwa nyembamba huku kisigino kimeinuka. Ni vitu viwili.

Kuhusu uzito, nilizipeleka kwa Mangi pale mtaani nikazipima kwenye mizani yake ya sukari. Akaniuliza kama nimeanza kuuza viatu kwa kilo. Kimoja gramu 232. Cha zamani, mtumba nilioupata Karume kwa shilingi 45,000, gramu 318. Tofauti gramu 86.

Je, gramu 86 ni kitu? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha jaribio moja zuri sana. Walificha vipande vidogo vya risasi ndani ya viatu vya wakimbiaji 18 bila wao kujua, kisha wakawakimbiza mita 3,000. Kila gramu 100 zilizoongezwa kwenye kila kiatu ziliwachelewesha kwa karibu asilimia 0.8. Sasa pigeni hesabu kwa mtu kama mimi ninayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili. Gramu 86 zinanipa sekunde kama 50. Si haba, lakini kwa sekunde 50 peke yake nisingetoa 260,000. Mimi si Alphonce Simbu. Yeye alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mwenzangu na mimi tunagombea nafasi ya 900.

Kilichonifanya nitoe pesa hiyo ni goti la kulia.

Nimekuwa nikikimbia miaka mitatu sasa. Baba yangu alipata kiharusi mwaka 2019, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata mimi nilipimwa presha, ikakutwa imeanza kupanda, na umri wangu wakati ule ulikuwa miaka 26. Daktari hakuniandikia vidonge. Aliniambia nipunguze chumvi, nilale, na nitembee au nikimbie karibu kila siku. Ukifanya kazi ya habari unajua maneno "nilale" na "karibu kila siku" yana maana gani pale ambapo mhariri anakupigia saa nne usiku. Hata hivyo niliweza, na presha ikashuka. Ndiyo maana mwaka jana goti lilipoanza kuuma kila nikishuka ngazi za ofisini (tuko ghorofa ya nne na lifti yetu ina tabia zake), sikuwaza medali. Nilimuwaza baba.

Pale kwenye klabu yetu ya mbio yuko mzee mmoja aliyewahi kukimbilia timu ya jeshi. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha raba kabla sijazivaa. Akazipinda, akabonyeza kisigino, akasema: "Mwanangu, goti litapumua, ila shavu la mguu litakulilia. Anza na kilomita tatu." Kwa maneno hayo machache mzee alimaliza somo zima la dropu.

Maana mwili ukitua chini, ule mshindo lazima upokelewe na kitu. Kisigino kikiwa juu, sehemu kubwa ya kazi inaangukia goti na paja. Ukikishusha, kifundo cha mguu kinapinda zaidi, na kazi inahamia kwenye shavu la mguu na ile kano nene inayoshika kisigino kwa nyuma. Mzigo haupungui, unahamishwa. Muuzaji akikwambia raba hizi "zinaondoa" maumivu, muulize zinayapeleka wapi.

Daftari langu linasema hivi. Wiki ya kwanza na ya pili nilizivaa mara mbili kwa wiki, kilomita nne kila safari, siku nyingine nikavaa mtumba wangu. Mashavu ya miguu yaliuma kama nimepanda mlima. Wiki ya tatu hadi ya tano nikafika kilomita 14 kwa wiki. Maumivu yakapungua, na wiki ya tano nikaandika kwa herufi kubwa: NGAZI, KIMYA. Goti halikusema kitu. Kuanzia wiki ya sita hadi ya 12 nilikuwa kwenye kilomita 26 kwa wiki, na jumla raba hizi zimekula kilomita 240. Wiki ya kumi kano ya nyuma ilianza kukaza asubuhi nikitoka kitandani. Hatua kumi, inaachia. Nikabaki hapohapo kwenye 26, sikuongeza.

Sasa nije kwa wale jamaa wa "babu zetu walikimbia peku". Wanapenda sana kumtaja Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Ila mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, akiwa amevaa viatu, na muda wake ukawa bora zaidi: saa 2:12:11 badala ya 2:15:16. Miaka ya karibu na 2010 kulikuwa na wimbi kubwa la viatu vyembamba kama soksi, Wazungu wakiamini kwamba ukivua kiatu utatua kwa mbele ya mguu kama Mwafrika na hutaumia tena. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi huko Marekani iliyohusu madai ya faida za kiafya za viatu vyake vya vidole vitano. Na mwaka 2013 watafiti walikuwa wamekwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanach, watu waliozoea kutembea peku, wakawapiga picha wakikimbia. Kwa mwendo wao wa kawaida, wengi walitua kwa kisigino! Kumbe hakuna "mguu wa Kiafrika" mmoja.

Utafiti ulionisaidia zaidi ni wa Luxembourg, uliotoka mwaka 2016. Wakimbiaji 553 waligawiwa viatu vya dropu ya milimita 10, 6 au 0, wakafuatiliwa kwa miezi sita. Kwa jumla hakukuwa na kundi lililoumia zaidi ya lingine. Walipowatenganisha ndipo mambo yakaonekana. Wale wanaokimbia mara mojamoja waliumia mara chache kwenye dropu ndogo kuliko kwenye ile ya milimita 10, wakati wale wanaokimbia kila wiki kwa muda mrefu waliumia zaidi. Nililisoma hilo mara mbili. Mimi niko kundi la pili, yaani mwili wangu umekwisha zoea njia yake, na ukiubadilishia ghafla unagoma. Ndiyo maana ile kilomita tatu ya mzee ina uzito.

Tuje kwenye barabara zetu. Kuanzia Aga Khan, Daraja la Tanzanite, hadi Coco na Toure Drive, raba hizi ni raha tupu. Lami ni tambarare, mguu unaisikia ardhi, na zinageuka haraka unapokwepa bodaboda. Ukiingia mitaa ya ndani habari inabadilika. Kokoto unazihesabu moja moja kwa nyayo. Kwenye mchanga wa pwani kisigino kinazama chini ya vidole, kwa hiyo ile milimita 4 haipo tena na kano inavutwa kwelikweli. Mimi mchangani sizivai. Mvua za vuli zilipozilowesha, zilikauka kwa siku moja chini ya feni, wakati mtumba ulikuwa unachukua mbili. Mpira wa chini, upande wa nje, umekwisha anza kulika. Sidhani kama zitavuka kilomita 500.

Zikifika hizo 500, kila kilomita itakuwa imenigharimu shilingi 520. Mtumba wangu umekwenda kilomita 400 hivi, sawa na shilingi 112 kwa kilomita. Kwa mshahara wa mwandishi, tofauti hiyo inaonekana. Kwa hiyo kama goti lako zima na raba ulizonazo hazikusumbui, baki nazo, pesa kalipie kodi. Kama umewahi kuumia ile kano ya nyuma au mashavu ya miguu yanakaza kila mara, aina hii ya raba iache kabisa. Kama tatizo lako ni goti kama langu, zijaribu, lakini zipe miezi miwili au mitatu ya kupishana na za zamani. Na maumivu ya kano yanayozidi kadiri unavyokimbia si ya kuvumilia, simama umwone mtaalamu.

Limebaki swali la Moshi. Mwishoni mwa Februari nakwenda Kilimanjaro Marathon, ile nusu, na njia yake inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka kurudi mjini. Kupanda ni mateso ya kano, kushuka ni mateso ya goti. Dar hatuna vilima vya maana, nikaenda Pugu Jumapili mbili mfululizo, njia ileile ya kilomita 14. Ya kwanza na mtumba: goti liliuma hadi Jumanne, nikapanda na kushuka ghorofa nne nikishika ukuta. Ya pili na raba mpya: Jumatatu asubuhi kano ilikaza, nikafika mlango wa bafu imeachia, na goti likawa kimya.

Nimeamua. Moshi nakwenda na hizi nyepesi. Hadi siku hiyo sipiti kilomita 26 kwa wiki nikiwa nazo, zilizobaki zinamalizwa na mtumba wangu, na siku kano itakapochukua zaidi ya hatua kumi kuachia, naahirisha safari. Moshi ipo kila mwaka. Mimi nataka niwe nakimbia nikiwa na miaka 54.