Ukelele Juu ya Nyayo House

Abiria anayetoka Kangemi au Westlands kuingia katikati ya jiji la Nairobi hupita Barabara ya Waiyaki hadi Uhuru Highway, na mbele yake huliona jengo refu lililo kwenye njia panda ya Kenyatta Avenue. Hilo ni Nyayo House. Kwa raia wengi ni mahali pa kupanga foleni ya pasipoti. Chini ya ardhi, hata hivyo, zimo seli ambamo walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya waliteswa, hasa kuanzia 1986. Walinyimwa chakula na kufungiwa katika vyumba vilivyomwagwa maji. Umma haukufunguliwa milango ya seli hizo hadi Februari 2003.

Crystal Axis, bendi ya Nairobi inayopiga muziki wa panki, imeuita wimbo wake mmoja kwa jina la jengo hilo. Ni rahisi kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuupuuza wimbo huo. Panki huhesabiwa kuwa kelele za New York na London za miaka ya 1970, na aghalabu bendi hii huimba kwa Kiingereza. Makala haya yanashikilia kuwa kuupuuza ni kosa, kwa sababu mbili: jina na sauti.

Kwanza ni jina. Mwaka 1978 Daniel arap Moi aliahidi kufuata nyayo za Jomo Kenyatta. Baadaye neno hilo likageuzwa kuwa falsafa ya amani, upendo na umoja, likabandikwa kwenye maziwa ya watoto wa shule, uwanja wa michezo, mabasi, na hata jengo lenye seli. Unyayo ni alama ya mguu uliokwisha kupita. Anayeufuata hutazama mbele, wala haulizi ni nini kilichokanyagwa. Kinaya hicho hakihitaji kutungiwa mashairi. Bendi imelichukua neno lilivyo, ikalirudisha mahali lilipofanyiwa kazi. Hata maneno mengine yakiwa ya Kiingereza, uzito wa wimbo umebebwa na neno la Kiswahili ambalo kila Mkenya analielewa.

Pili ni sauti. Fasihi ya kifungo nchini Kenya imezoea sauti ya chini. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972, aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Vina na mizani vilimpa nidhamu ambayo mlinzi hangeweza kumnyang'anya. Wahome Mutahi, aliyepitia Nyayo House mwaka 1986, aliigeuza tajiriba hiyo kuwa riwaya. Panki haina subira hiyo. Gitaa hukwaruza, ngoma hukimbia, mwimbaji hupaza sauti. Lakini seli za chini ya ardhi zilifaa kwa jambo moja: mtu alie na mpita njia asimsikie. Kwa hiyo, katika wimbo huu ukelele si pambo la fani tu. Ndio maudhui yenyewe. Kilichozuiwa kupanda ngazi kinapandishwa kwa vipaza sauti.

Hata hivyo, pana hoja ya haki dhidi ya wimbo huu. Abdilatif na Mutahi walisema waliyoyaona. Vijana wa Crystal Axis wameyarithi. Anayelilia maumivu ya mwingine anaweza kuyafanya kaulimbiu, na wimbo wa dakika chache hauwezi kubeba jina la kila aliyeteswa, wala siku alizosimama majini. Hoja hiyo haiuondolei wimbo thamani, ila inauonyesha mahali pake. Hauwezi kusimama badala ya ushahidi. Unaweza kusimama kando yake, ukimwelekeza msikilizaji huko.

Na msikilizaji huyo yupo. Ni kijana aliyezaliwa baada ya seli kuacha kutumika, anayefika Nyayo House asubuhi na stakabadhi zake mkononi. Mtaala unaweza kumpitishia Sauti ya Dhiki bila kumwambia kuna nini chini ya foleni anayosimama. Mhakiki anayemfundisha akikataa kusikia panki kwa kuwa ni kelele, atakuwa amesaidia kuuweka ukimya ule mahali pake.