Betri za kigango, na risasi iliyomo ndani yake



Wiki hii sitaandika juu ya masomo ya Dominika. Tangu tulipobadilisha betri za sola katika kimojawapo cha vigango vyetu vya upande wa Kisarawe, nimekuwa nikisimamishwa njiani na kuulizwa maswali. Wengine wanataka kujua kwa nini hatukumwita fundi kutoka mjini. Wengine, ambao ni wachache lakini wenye sauti kubwa, wanauliza kwa nini tulikataa fedha za betri kuukuu ilhali mchango ulikuwa haujatimia. Nitajibu yote mawili. Mtaniwia radhi nikikawia kwenye mambo ya spana na waya, kwa maana jibu la swali la pili limefichika ndani ya la kwanza.

Nguzo za umeme zimefika kijijini, lakini kitongoji chenye kanisa letu kingali kinasubiri. Kwa hiyo tunaishi kwa jua: paneli mbili za wati 150 kila moja, betri mbili za volti 12 zenye ujazo wa Ah 100 kila moja, chaji kontrola na inverta ndogo. Betri ya namna hiyo ikijaa hubeba takriban wati-saa 1,200. Hata hivyo, betri ya risasi haipendi kunyonywa hadi tone la mwisho. Anayetaka idumu hutumia nusu tu. Betri zetu mbili, basi, zilikuwa na haki ya kutoa wati-saa 1,200 kati ya jua na jua.

Sasa tupige hesabu. Taa sita za wati 7, zikiwaka saa nne, ni wati-saa 168. Vyombo vya kwaya na kipaza sauti, tuseme wati 150 kwa saa tatu, ni 450. Simu arobaini za majirani, wa kanisani na wa msikitini, kwa wati-saa 12 kila moja, ni 480. Jumla ni 1,098. Tumebaki na akiba kama ya kibaba kimoja cha unga. Ndipo mwaka jana kamati ikaleta friji ndogo ya soda ili kuongeza mapato ya kigango. Friji hailali usiku. Inverta nyingi ndogo nazo hukata umeme pale tu betri inaposhuka hadi karibu volti 10.5, na wakati huo betri imekwisha kukaushwa kabisa. Betri ikiachwa mara kwa mara katika hali hiyo, bamba zake hufunikwa na chumvi ngumu isiyoyeyuka tena, nayo husahau kazi yake. Tulipozipima asubuhi baada ya kuzitenga usiku kucha, moja ilisoma volti 11.6 na nyingine 10.4. Betri nzima iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu 12.7, kwa kuwa ina vyumba sita na kila chumba huchangia zaidi kidogo ya volti 2. Ile ya 10.4 ilikuwa na chumba kimoja kilichokufa, na ilikuwa ikimvuta mwenzake kaburini.

Hapa ndipo mahali pa kusema kwa nini tulifanya wenyewe. Fundi hatumdharau hata kidogo. Lakini fundi wa mara iliyopita alizifunga betri, akapokea ujira, akaondoka na maarifa mfukoni. Hakuna aliyejua kwamba vyumba vile huongezwa maji yaliyokenekwa yanayouzwa madukani kama maji ya betri, wala si maji ya kisima, wala si tindikali. Tulipofungua vifuniko, bamba zilikuwa zimechungulia juu ya maji kama miamba wakati wa maji kupwa. Kama fundi angefika tena na kubadilisha haraka haraka, tungerudi pale pale baada ya miaka michache.

Falsafa tuliyosomeshwa seminarini haisemi lolote juu ya spana namba 13, lakini utaratibu wake haukunishinda. Kwanza huzimwa kila kinachotumia umeme. Kisha hukatwa waya za paneli kwenye kontrola, na baada ya hapo betri, upande wa hasi ukitangulia. Wakati wa kurudisha, betri hutangulia na paneli huja mwisho, kwa sababu kontrola hujipima kwa volti ya betri. Ikipokea nguvu ya paneli kabla haijaiona betri, inaweza kuharibika. Pete na saa za mkononi huvuliwa. Mpini wa spana huzungushiwa tepu ya umeme, kwa kuwa chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja cheche zake si za mchezo. Chanya huunganishwa na chanya, hasi na hasi, ili volti ibaki 12; ukiunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine ukachukua ncha zilizobaki, umepata 24 na vyombo vya kwaya vimekwenda. Tena waya wa chanya uendao kwenye inverta hutolewa kwenye betri ya kwanza, na wa hasi kwenye betri ya pili, ili zote mbili zivute sawasawa. Karibu na betri, kwenye waya wa chanya, huwekwa fyuzi.

Kuna jambo moja lililonitia baridi. Betri zilikuwa zimewekwa ndani ya kabati la sakristia, chini ya mishumaa na makaa ya chetezo. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Tumezihamishia kwenye sanduku lenye matundu, ukutani upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na joto la mabati.

Wenye mashua za matanga zinazosafiri bahari za mbali wana desturi ambayo ningependa tuiige. Hutenga betri ya kuwashia mashine na betri za taa, chakula na redio, ili anayesahau taa usiku asikose mashine asubuhi dhoruba ikija. Betri hizo hazifanani hata kwa umbo la ndani: ya kuwashia ina bamba nyembamba nyingi za kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, na ya kutumika usiku kucha ina bamba nene. Ndiyo maana tulikataa betri za gari tulizoonyeshwa kwa bei nafuu. Tulinunua za sola Maili Moja, Kibaha, zikaja kwa basi hadi Mlandizi na kwa bodaboda njia ya Mzenga, zikiwa wima, kila moja na uzito wa kilo zipatazo 30. Tulizibadilisha zote mbili, kwa sababu mpya ikifungwa na mgonjwa huzeeka pamoja naye.

Sasa nije kwenye fedha. Tulipokuwa tukikaza waya za mwisho, kijana mmoja wa kigango alisogea.

“Baba, hizo kuukuu nipatieni mimi. Nitatoa zaidi ya mnunuzi wa chuma chakavu.”

“Utazifanyia nini, kijana wangu?”

“Naipasua, namwaga maji yake, naiyeyusha risasi. Namimina chubwi za nyavu, nauza Feri.”

“Kwa jiko la nani?”

“La mama, Baba. Akishamaliza kupika.”

Mzee mwenyekiti alinivuta kando. “Baba Paroko, mchango haujatimia, na huyu ni mtoto wetu.” Alisema kweli. Fedha ile ingeziba pengo lote, na kijana yule anawalisha wadogo zake watatu, wa mwisho hajaachishwa ziwa.

Nilikataa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hii ni risasi, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, moto ambao jiko la mkaa huupita bila shida. Urahisi huo ndio hatari yake. Moshi na vumbi lake hutua kwenye sufuria, kwenye mkeka, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne au tano ya kile anachofyonza mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Hushambulia ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Anayedhani natia chumvi aulize habari za Owino Uhuru, Mombasa. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kando ya makazi ya watu. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Alipambana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kuitoa risasi katika mifupa ya mtoto.

Kijana hakufurahi, wala simlaumu. Kamati imempa kazi ya kutunza betri mpya: kuzipima kila asubuhi, kuangalia maji kila mwezi, kuandika daftarini, na kukataa simu ya arobaini na moja hata ikiwa ya paroko. Posho yake inatoka kwenye fedha za kuchaji simu, nayo ni ndogo kuliko bei ya chubwi. Friji imeuzwa. Pengo la mchango bado lipo, na litatajwa tena katika matangazo.

Betri mbili kuukuu zimo ndani ya beseni la plastiki, katika stoo iliyofungwa, zikimsubiri mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Hatakuja kwa betri mbili peke yake. Kwa hiyo vigango vyote vyenye betri zilizokufa, na familia pia, mzilete parokiani zikiwa wima, vifuniko vimefungwa, bila kumwaga maji yake. Tindikali ikimwagika njiani, imwagieni magadi yaliyoyeyushwa katika maji mengi. Ikigusa ngozi, nawa kwa maji mengi. Anayezipokea ni katibu wa parokia, Jumamosi asubuhi.